Shangazi Alivyokisoma Kitabu Changu cha Mauaji

Kitabu changu kimesomwa na watu kumi na mmoja, nikijihesabu na mimi. Nakala zilizobaki ziko chini ya kitanda, hapa nyumbani Ziwa la Ng'ombe, na mke wangu ameshazizoea. Feni ikiyumba huiwekea nakala mbili mguuni, ikatulia. Nilimwambia asitumie zaidi ya mbili, maana huenda mtu akaja kununua. Akaniangalia kwa huruma, akaendelea kukuna nazi.

Ni hadithi ya mauaji, na mauaji yenyewe yanatokea makumbusho. Asubuhi moja msimamizi anakutwa amelala sakafuni katika ukumbi mkubwa, kichwa kimepasuka, roho haimo, na ubavuni pake pana kigango chenye damu. Kigango ni ile nguzo ambayo sisi Wagiriama tulikuwa tukimchongea mzee wa heshima aliyekufa. Husimamishwa nyumbani kwake, huvishwa vitambaa, humiminiwa tembo la mnazi na kuambiwa habari za nyumbani, na haking'olewi abadan, hata watu wakihama. Si pambo. Ni mzee mwenyewe amesimama pale. Haya yote nilikuwa nayajua tangu utotoni, na bado nikamchukua mzee wa watu nikamfanya silaha ya kuulia, kisha nikajiona nina kipaji.

Muuaji wangu alikuwa mlinzi wa makumbusho, mlevi wa tembo, ambaye ujanani aliiba kigango hicho hicho kwao akakiuza. Siku ya mauaji alikuwa amelewa chakari, hata hajui kama ameua. Analijua jambo hilo sura ya mwisho, mpelelezi anapomwambia, naye anaangua kilio na kusema, "Basi ni mimi." Nilipoimaliza sura hiyo niliinuka nikaizunguka meza mara mbili nikijipongeza kwa sauti. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni kama nimeumwa na siafu.

Mlevi huyo sikumtoa hewani. Nina baba mdogo, kitinda mimba wa kina marehemu baba yangu, aliyefukuzwa kwetu Kaloleni zaidi ya miaka thelathini iliyopita kwa kosa la kuiba kigango cha babu. Alikuwa mgema, na alikuwa mlevi kweli, na siku kigango kilipotoweka yeye ndiye aliyekutwa nyumbani peke yake, amelala, hajitambui. Baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, alimwambia asikanyage pale tena mpaka kigango kirudi au mwizi mwingine ajulikane. Baba akafa, neno lake halikufa. Wazee wa ukoo walilishika. Baba mdogo akaja Mombasa, akabeba magunia kwenye maghala ya Changamwe mpaka mgongo ukakataa, na sasa ni mzee mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, anakaa chumba cha uani kwa dada yake, yaani shangazi yangu, huko Bofu, Likoni. Anataka kitu kimoja tu duniani: arudi kwao, na akifa azikwe kwao. Mimi nikaichukua habari yake nikaitia kitabuni, na mauaji nikamwongezea juu. Waandishi tunaita kupata mfano. Watu wenye adabu wana jina jingine.

Sasa maoni. Mtu akiandika kitabu hudhani maoni yatakuja yenyewe, tena mazuri, na kazi yake itakuwa kuinamisha kichwa na kusema, "Ah, ni kawaida tu." Nilijizoeza hata kuinamisha kichwa chenyewe, mbele ya kioo.

Maoni ya kwanza yalitoka kazini. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi huku Kisauni, nimebakiza muda mchache nistaafu, na mwalimu mwenzangu wa somo hilo hilo alinirudishia nakala yake imesahihishwa kwa kalamu nyekundu toka jalada hadi jalada. Ukurasa wa mwisho ameandika: "Kumi na mbili kwa ishirini. Umejitahidi. Punguza maneno." Miaka yote hii nimewaandikia watoto wa watu maneno hayo hayo nikidhani nawatia moyo. Nilikwenda chooni nikakaa humo kidogo.

Katika kitabu kizima alikuwa amenipa sifa moja tu, sura ya nne, pale ninapoeleza mguu wa kigango, ile sehemu inayozikwa ardhini. Niliandika kwamba mti umebabuliwa kwa moto mpaka ukawa mweusi, una ufa, na ufa umekazwa kwa pete ya chuma ya pipa. Pembeni ameandika, "Maelezo hai! Endelea hivi." Nikajifariji nayo wiki nzima.

Jirani yangu mwenye duka, mzee wa watu, Mswahili wa kale asiyeharakisha neno, alinikaribisha kahawa akaniambia, "Mwalimu, Kiswahili chako kitamu, wallahi. Lakini hawa watu wako hawali? Siku tatu wanapeleleza, hapana hata mmoja aliyeonja mkate. Mimi nilishikwa na njaa kwa niaba yao." Nikamwambia ni hadithi ya mauaji. Akasema hata penye mauaji watu hupika, tena ndipo hupika zaidi.

Kijana wa bodaboda, mtu wa bara, alikisoma pale stendi akisubiri abiria. "Mwalimu, stori ni fiti," akasema, "lakini karao wako haitishi kitu kidogo hata siku moja? Hapo umetubeba ufala." Nikamweleza kwamba mpelelezi wangu ni mtu mwadilifu. Akacheka mpaka akashika usukani wa pikipiki asianguke.

Mke wangu alisoma sura tatu akalala. Alipoamka alitaka kujua jambo moja. "Huyu mke wa mpelelezi, mbona kila mumewe akianza kuzungumza yeye kichwa kinamuuma?"

"Ni mfano tu," nikasema.

"Mfano wa nani?"

Nikasema feni inayumba, nikaenda kuitazama.

Lakini aliyenichoma ni mama mmoja tunayesali naye. Alisema amemjua muuaji ukurasa wa tisa. Nilimkatalia. Ukurasa wa tisa hata mimi nilikuwa sijaamua. Nikamuuliza amemjuaje. "Ndiye peke yake maskini," akasema, akaniaga, akaenda zake mazoezi ya kwaya. Nilibaki pale nje ya kanisa nimekasirika.

Wa mwisho kumpelekea nakala alikuwa shangazi. Shangazi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la kanisa, kwa ajili ya Biblia, na kila kitu hukisoma hivyo hivyo: miwani puani, kidole kwenye mstari, kwa sauti, aya kwa aya. Haruki. Na hasongi mbele mpaka akiamini alichokisoma. Kwa kuwa mdogo wake haoni, yeye husoma na baba mdogo husikiliza. Hayo nilikuwa nayajua.

Mtu ataniuliza: kitabu kile, ukakipeleka nyumba ile, na mwenyewe yumo? Naam, nilikipeleka. Ningependa kusema nilidhani atafurahi. Ukweli ni kwamba sikumfikiria kabisa. Nilijifikiria mimi, jinsi shangazi atakavyowaambia wenzake wa jumuiya kwamba mwana wa kaka yake ni mwandishi.

Jumapili ya kwanza alinipigia simu. "Nimesoma sura mbili," akasema. "Kigango si rungu. Umempiga mtu kichwani kwa babu yako."

"Ni hadithi, shangazi."

"Hata kama. Ungetumia jembe."

Jumapili ya pili alipiga tena, amekereka kwelikweli. "Hii ni sura ya tano na maiti hajazikwa. Ndugu zake wako wapi?" Nikamwambia polisi wanachunguza. Akasema hao polisi waache kuzungukazunguka, wampe marehemu sanda kwanza. Jumapili ya tatu hakupiga. Ya nne hakupiga. Nikajiambia kitabu kimemkolea.

Siku ya Jumatano ndipo aliponipigia, adhuhuri, niko shuleni. "Tumemaliza," akasema. "Njoo."

"Mmekionaje?"

"Njoo."

Nilivaa shati langu la mikono mirefu. Nilitia kalamu nzuri mfukoni, ya kutia sahihi, endapo wanajumuiya watakuwapo na nakala yao. Kwenye feri ya Likoni nilisimama pembeni nikaipitia moyoni hotuba fupi ya shukrani, ambamo nilimtaja shangazi, nikamtaja Mungu, na mimi mwenyewe nikajitaja mara nne. Nayasema haya ili mjue ni mtu wa aina gani aliyeshuka upande wa pili.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha uani, kitabu mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakusema karibu. Akanionyesha ndani kwa kidevu. Baba mdogo alikuwa amelala kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Nikamwamkia, akavuta shuka kichwani.

"Hajala tangu juzi," shangazi akasema. "Juzi nilimsomea sura ya mwisho. Nilipofika pale yule mlevi wako anaposema basi ni mimi, na huyu akasema hivyo hivyo. Akasema, 'Basi ni mimi, dada. Hata mtoto wa kaka amelijua, na yeye amesoma. Ni mimi.'"

Mungu anisamehe. Jambo la kwanza lililonipita moyoni ni kwamba sura ile imefanya kazi.

La pili lilichelewa kidogo, lakini lilipokuja nilikaa chini, shati langu na kila kitu, juu ya saruji. Shangazi aliendelea, sauti yake haikupanda. Miaka yote hiyo alikuwa akienda Kaloleni kuwaomba wazee wamrudishe mdogo wake, akiwaambia siye, na wazee wakimuuliza baba mdogo mwenyewe, naye akijibu kwamba hakumbuki. Hakuwahi kusema si mimi. Hakuwahi kusema ni mimi. Sasa amesema. Amemwambia dada yake asiende tena kuwasumbua wazee, na akifa azikwe huku huku Likoni, kwenye makaburi ya watu wasio na kwao.

"Ni kitabu tu," nikasema. "Ni uongo mtupu. Nimebuni kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, shangazi. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi."

Akavaa miwani. Akafungua sura ya nne, ambayo alikuwa ameiwekea alama ya karatasi ya matoleo, akaweka kidole, akasoma polepole: mti umebabuliwa kwa moto, una ufa, ufa umekazwa kwa pete ya chuma ya pipa. Akafunga kitabu.

"Hii nani kakwambia?"

"Nimebuni."

"Hukubuni. Mimi nilikuwa kigori siku ile. Mti ulipasuka ukibabuliwa, fundi akafoka, nikatumwa mimi nikaichukue pete ya pipa bovu lililokuwa nyuma ya ghala la mahindi. Hii mikono ndiyo iliyoileta. Tulioiona tulikuwa wanne: fundi, mama yangu, baba yako na mimi. Tukaambiwa tusiseme, maana kigango kilichopasuka ni aibu. Kikazikwa saa ile ile."

Hapo niliona mlango umeachwa wazi, na mimi ni mtu wa kuiona milango ya namna hiyo. Fundi amekufa, bibi amekufa, baba amekufa. Ningesema baba ndiye aliyenieleza. Nilifungua mdomo.

"Na usimsingizie baba yako," shangazi akasema kabla sijatoa neno. "Yule tangu kitoweke hakutaka hata kukitaja, mpaka anaingia kaburini. Mguu ule uliingia ardhini wewe hujazaliwa. Aliyeuona ni aliyeung'oa."

Mpelelezi wangu wa kitabuni, na koti lake refu katika joto la Mombasa, alihitaji sura kumi na tisa kumpata mtu asiye na hatia. Shangazi alinipata mimi kwa kidole. Na hilo ndilo pekee ambalo sikubuni katika kitabu kizima, ndilo pekee nililosifiwa.

Basi nikasema. Nilimwambia kwamba mwaka ule nilikuwa nimemaliza sekondari, niko nyumbani nasubiri kwenda chuo cha ualimu, najiona nimewapita watu wote pale kwa sababu nilikuwa nasoma magazeti. Akaja mtu mmoja na pikapu, mnunuzi wa vitu vya kale, kavaa miwani. Alizunguka akakitazama kigango cha babu, kisha akazungumza na mimi, si na baba. Aliniambia, wewe ni msomi, wewe utaelewa. Hapa mchwa watakila. Tukipeleke makumbusho, kiwekwe ndani ya kioo, na jina la babu yako liandikwe chini yake, dunia nzima ije imjue. Hakuna aliyewahi kuniita msomi kabla ya siku ile. Ningemng'olea hata nyumba.

Siku iliyofuata watu wote walikwenda matangani kijiji cha pili. Nami nilikwenda, kisha nikachepuka nikarudi. Ilikuwa mchana kweupe. Tulichimba, mimi na yule mtu, tukakivuta kikatoka, nikauona mguu wake mweusi na ile pete, tukakilaza kwenye pikapu juu ya magunia. Baba mdogo alikuwa amelala kwenye minazi yake, amelewa, anakoroma, si hatua ishirini kutoka pale. Yule mtu alinipa viatu vya ngozi vya kahawia vya kwenda navyo chuoni. Vilinibana. Nilivivaa muhula mzima hivyo hivyo, nikichechemea, wenzangu wakidhani ni maringo.

Nikarudi matangani nikala wali. Jioni tuliporudi nyumbani tukakuta shimo. Baba alimwamsha mdogo wake kwa teke akamuuliza nani amekuja hapa, na baba mdogo, anayumba, akasema hajui. Baba akamuuliza, ni wewe? Akasema, sikumbuki. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa, na udongo kwenye kucha. Nilisubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza, maana mimi nilikuwa msomi.

"Nilijiambia kiko makumbusho," nikamwambia shangazi. "Nilijiambia babu yuko mahali pazuri, na siku moja nitawapeleka wote mkamwone. Kila nikiwapeleka wanafunzi kwenye makumbusho yoyote, mimi huwaacha na mwelekezi nikaenda kutazama kioo kimoja kimoja. Hayumo. Sijawahi kumwona."

"Ndiyo ukamtia wewe, kitabuni."

"Ndiyo."

"Na mwizi ukamfanya huyu."

Nilikuwa nalia, na kulia kwenyewe hakukunipendeza, maana kwenye kitabu nimeeleza vilio vitatu na hakuna hata kimoja kilicho na kamasi.

Kitanda kililia. Baba mdogo alikuwa amegeuka, ameketi, ameweka miguu chini, uso ameuelekeza kwangu lakini kidogo kando, kama wafanyavyo wasioona vizuri. Sikujua amesikia kiasi gani. Alikuwa amesikia yote.

"Sema tena," akasema.

"Baba mdogo, nisamehe..."

"Hilo sijaliuliza. Sema tena."

"Ni mimi niliyekichukua. Wewe ulikuwa umelala kwenye minazi. Hukugusa kitu."

"Nilikuwa nakoroma?"

"Ulikuwa unakoroma."

Shangazi alikuwa amevua miwani anaifuta kwa pindo la leso, anaifuta na kuifuta. Kisha baba mdogo akasema ana njaa. Shangazi akainuka akaenda kupasha mchuzi, na alipopita karibu yangu akanigonga kichwani na kitabu changu, si kwa mchezo. "Jumamosi twende Kaloleni," akasema. "Ukawaambie wazee."

Mke wangu nilimweleza jioni ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuumwa na kichwa. Kisha akaniuliza viatu vile nilivipeleka wapi, nikamwambia nilimpa mtu, akasema, "Hata viatu ulimpa mtu vilivyobana." Hakuzungumza nami tena mpaka Ijumaa, aliponipigia pasi shati. Si lile la mikono mirefu.

Wazee walikuwa watatu, wamekaa barazani penye kivuli cha mabati, na watu wa nyumbani wamejaa nyuma yao. Baba mdogo hakuruhusiwa kuvuka ua. Aliwekewa kiti nje, karibu na mlango wa ua, na shangazi akasimama kando yake. Mimi nikainuka. Nikaanza na shukrani. Nikaingia historia ya ukoo, nikagusia hali ya elimu miaka ile, na nilikuwa napanda vizuri kuelekea umuhimu wa makumbusho, shangazi aliponikatiza kutoka kule kule mlangoni mwa ua.

"Anza mwisho!"

Nikaanza mwisho. Yalikuwa maneno machache mno, na yote nimeshayaandika hapo juu. Watu waliguna. Mama mmoja aliniita mbwa, na hakuna aliyemnyamazisha. Mzee wa katikati aliniuliza kigango kiko wapi, nikasema sijui. Akasema amesikia kuna kitabu kinasema kiko makumbusho. Nikasema kitabuni ndiyo. "Basi tukitaka kumwona mzee wetu tufungue kitabu?" akauliza, na hakuwa anafanya mzaha. Sijapata maoni makali zaidi ya hayo, na yule mzee hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja.

Wakanong'onezana wao kwa wao juu ya hukumu yao, kisha wakaitangaza: mbuzi, na tembo, na nisiketi barazani pale katika shauri lolote la ukoo mpaka wao watakapoona nimekua. Nina miaka karibu sitini. Halafu mzee wa katikati akainuka mwenyewe, akaenda mpaka mlango wa ua, akamshika baba mdogo mkono, akamwingiza.

Pale kigango kilipokuwa sasa pamepandwa mihogo. Wakang'oa miche mitatu kupata nafasi. Mmoja wa wazee ni mzee wa kanisa pia. Yeye aligeuka akawa anawatazama mbuzi kwa makini sana mpaka shughuli ilipokwisha. Kata ya tembo wakampa baba mdogo, maana ndiye mtoto wa mwisho wa babu aliyebaki, mwanamume, na ndiye aliyekuwa akimmiminia babu zamani. Alipiga goti, akamimina kidogo udongoni, akasema, "Baba, nimerudi." Akamwambia majina ya waliokufa wakati yeye hayupo. Ikabaki nusu ya kata, na hiyo desturi ni anywe yeye.

Hakunywa. Alibaki ameishika, watu wanangoja. Nikadhani amesahau desturi.

"Tangu siku ile sijaonja," akasema, si kwa sauti kubwa. "Miaka yote. Niliogopa. Nilijiambia nikinywa tena nitaiba kitu kingine, na sitajua."

Mimi nilikuwa nikimtembelea Bofu miaka nenda miaka rudi. Nilimwona akinywa chai, akinywa maji, sikumwona hata siku moja na kingine, kisha nikavuka feri nikarudi nyumbani kumwandika mlevi.

"Mwanangu," akaita, akigeuza uso kutafuta nilipo.

"Naam, baba mdogo."

"Sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe."

Akanywa funda moja, akakohoa, akampa dada yake kata.